Mnaoanza Kiebrania cha Biblia, msiyaendee mbio maneno ya mifugo

Ndugu zangu mnaoanza, kuna kitu mi nilichelewa sana kukijua nacho kinahusu maneno ya mifugo, maana hapo ndo wengi tunateleza, tunaona mbuzi ni mbuzi, punda ni punda, tunapita.

Chukueni Mwanzo 36:24. Biblia yetu ya Union inasema Ana aliona chemchemi za moto jangwani akiwa analisha punda za baba yake. Nikafundisha vijana hivyohivyo, kijana mmoja akanyoosha mkono, ana ile Biblia ya Kiingereza ya 1611, King James, kwake wameandika nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hao walikosea, na sikuwa nimefungua mfafanuzi hata mmoja! Nilivyorudi nyumbani kuangalia nikakuta neno ni yemim, limetokea mara moja tu Biblia nzima ya Kiebrania, na nyumbu wa kawaida anaitwa pered, kama yule aliyembeba Absalomu.

Sasa oneni wafasiri na wafafanuzi walivyohangaika nalo. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Troyes kule Ufaransa karne ya 11, anafuata Talmudi, yale mafundisho ya marabi wa kale, anasema ni nyumbu, Ana alimpandisha punda dume kwa farasi jike, na jina limetokana na ema, yaani hofu, kwa sababu watu waliwaogopa. Onkelos, ile tafsiri ya kale ya Torati kwa Kiaramu, kaweka mashujaa, kama vile kawaona humo Waemi, yale majitu ya Kumbukumbu 2:10. Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki, wao hawakutafsiri, wameliacha hivyohivyo, Iamin. Maji ya moto aliyaweka Jerome kwenye tafsiri yake ya Kilatini, na yeye mwenyewe aliandika kwamba Wayahudi walikuwa na maoni mengi juu ya mstari huu.

Kwa hiyo kabla hujachagua, gawa daftari safu tatu: nani kasema, kashikilia nini, na ndani ya mstari kipi kinambeba na kipi kinamwangusha. Nyumbu wanabebwa na wale punda, ila farasi hatajwi kabisa. Fanya hivyo kwa mkono wako, usikopi ya mwenzio, ndo utaona kila mmoja alikuwa anatatua shida gani.

Halafu msikae na kamusi tu. Kwenye Talmudi, Rosh Hashana 26a, Rabi Akiva anasema alipofika Arabuni alikuta kondoo dume wanamwita yovla, na hapo ndo neno la Biblia yovel likaeleweka, neno lilelile lililotuletea yubile yetu, maana pembe ya kondoo ndo ilipulizwa. Aliipata kwa watu wanaoongea na mifugo yao! Kama kwenu kuna mfugaji mzee kaa naye jioni moja umuulize majina ya mabaka ya ng'ombe wake, ukirudi kwenye mbuzi wa Yakobo utawasoma tofauti.

Na hao mbuzi nao wana neno gumu, berudim, Mwanzo 31:10. Rashi anaeleza weupe unaozunguka mwili mzima, mabaka yamefunguka yanaingiliana, anatoa mpaka neno la Kifaransa cha watu wake, halafu anasema wazi hana ushahidi wa kuleta kutoka kwenye Maandiko. Rashi huyo! Tangu siku hiyo nimeongeza safu ya nne, "sina ushahidi", na yemim bado iko humo, kijana wangu nilishamrudia nikamwambia.