Waridi si nyekundu, na heroe si korongo

Mwalimu, rangi ya waridi ni nyekundu au ni pinki? (Mama wa bi harusi, Nyalenda, Kisumu)

Ni pinki, mama, ile inayoelekea wekundu. Kata pera lililoiva, lile tunaloliita jekundu kwa mazoea tu. Nyama yake ya ndani ndiyo waridi. Taabu ni kwamba waridi lilikuwa ua kabla ya kuwa rangi, na ua lenyewe halina rangi moja: pale Naivasha wanayakuza meupe, ya manjano, ya machungwa, mekundu. Waarabu, tuliochukua neno kwao, nao huiita rangi hii *wardi*. Lakini nenda ukamweleze fundi! Niliwahi kuagiza magauni sita ya wapambe, “rangi ya waridi”, nikaletewa mekundu kama kishungi cha jogoo. Kwa yule fundi, waridi ni lile la Siku ya Wapendanao. Nilifoka, ila kosa lilikuwa langu. Wewe nenda na kipande cha kitambaa mkononi, na usilipe pesa zote kabla gauni halijajaribiwa.

Viatu “viwaridi” au “vya waridi”? (Wasomaji watatu, wiki moja!)

Vya waridi. Zinazobadilika ni -ekundu, -eupe na -eusi, basi. Na kabla hamjauliza: shati *la* kijani.

Naruhusiwa kuandika “pinki” kwenye insha? (Mwanafunzi, Bungoma)

Kwenye insha andika waridi. Sokoni Kibuye sema pinki, la sivyo utaelekezwa kwa wauza maua. Wanaolidharau neno pinki kwamba ni la Kizungu wajue kuwa Mwingereza naye aliipa rangi hiyo jina la ua. Kinachoniudhi mimi ni “nyekundu hafifu”. Hiyo ni rangi ya shati lililofuliwa mara mia.

“Damu ya mzee” ni tusi? (Kakamega)

La. Ni maruni. Mzee yuko salama.

Mbona korongo wa Ziwa Nakuru wana rangi ya waridi tangu kuzaliwa? (Mzazi, Lanet)

Makosa mawili katika swali moja. Ndege huyo ni heroe. Korongo ni mwingine kabisa, na waongoza watalii wanaowachanganya wanalipwa bure. Pili, hazaliwi hivyo. Kifaranga chake ni cha kijivu. Rangi huipata kwenye chakula, yaani ule mwani mdogo wa kijani unaostawi katika maji ya magadi, na akiukosa kwa muda manyoya mapya huota yamepauka. Ziwa lilipofurika miaka ya 2010 magadi yalizimuliwa, chakula kikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Wengine hurudi, wengine huondoka tena. Kwa hiyo anayekuuzia safari kwa picha ya ufuo uliotanda waridi mtupu, muulize kwanza picha hiyo ilipigwa mwaka gani.