Jibu: Ayurveda ina kazi gani siku hizi?
Mkuu, umeuliza kama Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ina lolote la kumfaa mgonjwa wa leo au ni mazoea tu ya Wahindi. Chukua mmea mmoja, sarpagandha. Waganga wa India waliutumia karne nyingi kumtuliza mwenye wazimu na aliyekosa usingizi. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa presha mmea huo. 1952 wanakemia wa Ciba, Uswisi, wakatoa reserpini kwenye mizizi yake, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za presha. Siku hizi haitumiki sana, zimepatikana dawa nyingine zenye madhara machache.

Kwangu mimi thamani iko hapo: mmea ulipimwa, haukuaminiwa tu kwa ukongwe wake.

Ila vidonge vya mtandaoni, hapana! Utafiti wa Marekani wa 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda. Karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini ya sumu: risasi (ledi), zebaki au aseniki. Na kama unameza dawa za kisukari, kabla ya kunywa juisi ya karela, lile tunda chungu, mwambie daktari kwanza, sukari inaweza kushuka mno.