Hati safi, stoo tupu

Wiki hii simu yangu imejaa hospitali na fedha za hospitali. Nimechagua maswali saba. Mawili nimeshayajibu mwaka huu huu, ila naona kuna watu wanasoma kichwa cha habari tu.

*Msomaji wa Uyole: Mkurugenzi ametamba kwenye baraza la madiwani kwamba CAG ametupa hati safi. Mbona zahanati yetu haina dawa ya malaria?*

Kwa sababu hati safi haitibu malaria. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akitoa hati inayoridhisha, anachosema ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango na havina kasoro kubwa ya kumpotosha anayevisoma. Hasemi kama dawa ilimfikia mgonjwa. Halmashauri inaweza kununua mashine ya eksirei isiyo na mtaalamu wa kuiendesha, ikakaa kwenye boksi mpaka panya wakaizoea, na hati ikabaki safi mradi malipo yana vielelezo. Kama fedha ilizaa matunda ni kazi ya ukaguzi wa ufanisi, wenye ripoti zake. Hizo sijawahi kuona zikipigiwa vigelegele.

CAG humkabidhi Rais ripoti mwisho wa Machi, kisha inakwenda bungeni. Aprili vijiwe vyote vya Mwanjelwa na Sokomatola vinageuka ofisi za ukaguzi. Mei tumerudi kwenye Simba na Yanga. Mwakani achana na mabilioni ya kurasa za mbele. Tafuta halmashauri yako, usome mapendekezo ya miaka iliyopita yametekelezwa vipi. Hoja inayobeba maneno "utekelezaji unaendelea" mwaka wa tatu mfululizo, hiyo ndiyo ya kumuuliza diwani.

Dawa sasa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo usikimbilie Dodoma. Uliza hapo hapo: ombi lilikwenda Bohari ya Dawa, ghala la Serikali, lini? Bohari ilipokosa, mliagiza kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa? Mwezi uliopita niliingia zahanati moja nje kidogo ya barabara ya Tunduma nikaomba kuona leja ya dawa. Nesi aliileta bila kununa, imevalishwa jalada la gazeti. Ukurasa wa dawa mseto ya malaria: zilizopokelewa, zilizotolewa, salio sifuri. Baada ya sifuri, majuma matano hakuna mstari hata mmoja. Nilikuwa nimeshanusa mwizi. Kumbe yeye ndiye anayezalisha, anayechanja, anayefagia na anayejaza fomu ya maombi, na fomu ilichelewa. Pale tatizo ni ikama, yaani idadi ya watumishi, na ikama haiponi kwa kumfokea nesi.

*Msomaji wa Kyela: Eti mjamzito analipia kujifungua zahanati ya serikali? Ndaga fijo.*

Ndaga na wewe, asante ya Kinyakyusa. Hapana, halipii. Mwezi ujao ukiuliza tena jibu litakuwa hilo hilo. Ukiambiwa mkeo aje na glovu, ndoo na mpira wa kulalia, rudi swali la kwanza.

*Msomaji wa Mwanjelwa: Vidonge nilivyouziwa dukani vina herufi GOT. Ni feki?*

Pengine ni halisi, na hapo ndipo kwenye tatizo. Herufi hizo huwekwa kwenye dawa za Bohari zijulikane ni mali ya Serikali. Hospitali ya umma inaweza kukuuzia kwa utaratibu wa uchangiaji ulioanza mwaka 1993, ukapewa risiti. Duka la mtu binafsi haliwezi. Usitupe pakiti: piga picha upande wenye namba ya toleo, upeleke TMDA, mamlaka ya dawa, au TAKUKURU, wapambanaji na rushwa. Na kama ulifurahia bei, ujue kuna mgonjwa aliyeambiwa dirishani "dawa hakuna".

*Msomaji wa Mafinga: Tulisomba mawe na mchanga tukapandisha boma la zahanati. Serikali ikaleta milioni 50 za kumalizia. Zimeisha, dari hakuna, na mtendaji anasema hesabu ni za ofisi.*

Ofisi ya nani? Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Mlihudhuria lini mara ya mwisho? Ujenzi wa kutumia mafundi wa kawaida huwa na kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Anzeni na mapokezi, maana wao ndio walioshika kalamu gari liliposhusha mzigo. Bati zilizo juu ya paa hata mtoto wa darasa la pili anazihesabu; linganisheni na kitabu. Angalieni na mbao: mtu wa Mufindi kama ninyi, mwenye msitu wa Sao Hill mgongoni, akiandikiwa ubao kwa bei ya Dar es Salaam, ana haki ya kucheka kwanza, kisha kuuliza.

Hamkuniuliza hili, ila nguvu zenu zimeandikwa wapi? Mchanga mliosomba kwa kichwa usipothaminishwa kwenye taarifa, unaweza kurudi kama risiti ya mchanga "ulionunuliwa". Wakikataa kuonyesha, andikeni barua mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, mmeandika shairi.

*Msomaji wa Iringa mjini: Nimwandikie Waziri wa Afya kuhusu kituo cha afya cha kata?*

Hicho ni cha halmashauri, na juu yake TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Zilizohamishiwa Wizara ya Afya mwaka 2017 ni hospitali za rufaa za mikoa.

*Msomaji wa Makete: Wamarekani wakifunga mfuko, ARV zitaisha?*

Wewe endelea kumeza zako, usipunguze hata kimoja "kuweka akiba". Woga wako lakini si wa bure. Utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani kwenu Njombe ni asilimia 12.7, na Januari 2025 tuliona sahihi moja ya Washington, ya kusimamisha misaada, inavyotikisa kliniki za huku. Kinga ni fedha zetu wenyewe: mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Bajeti ikisomwa, usiulize zilizotengwa tu. Uliza zilizotolewa.

*Msomaji wa Soweto, Mbeya: Nilikutumia jina la mganga mla rushwa. Mbona hulitaji?*

Kwa sababu ulituma jina na matusi mawili. Nataka tarehe, kiasi, alichosema na namna ulivyolipa. TAKUKURU nao watakuuliza hayo hayo. Namba yao ni 113, kupiga ni bure.