Jibu: Mdogo wangu ameolewa Uganda, mama mkwe anataka azalie nyumbani

Mleta uzi, nimekusoma. Mdogo wako ameolewa Rakai, mimba ni ya pili, ya kwanza alizalishwa nyumbani na mulerwa (mkunga wa jadi) akatoka salama, na sasa mama mkwe haoni sababu ya kuhangaika na hospitali. Nimemsoma pia ndugu aliyekujibu kwamba wanawake wa vijijini hawajui umuhimu wa hospitali. Mimi ni Mhaya wa Kagera, nimeolewa ng'ambo ya Mutukula, pale mpakani mwa Tanzania na Uganda, watoto wangu wote nimewazalia Uganda, na kwa muda mrefu sasa ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT kama wanavyotuita huku. Niruhusu nimalizane kwanza na huyo ndugu.

Wanajua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 97 ya akina mama wa Uganda walipimwa mimba na mtaalamu angalau mara moja. Waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 73. Kwa hiyo kuna wengi ambao njia ya kliniki wanaijua, kadi wanayo, halafu siku yenyewe hawakuonekana. Mtu anayedhani hao wanahitaji semina hajawahi kusindikiza mwenye uchungu usiku.

Kliniki unaenda asubuhi, umeoga, mnatembea na wenzako mkipiga soga. Uchungu unakukamata saa tano usiku, mvua inanyesha, mume yuko ziwani na simu yake haipatikani. Boda aliyekuwa anakupeleka kwa hela ndogo mchana sasa anataka mara tatu yake, na wapo wasiokubali kabisa kumbeba mwenye uchungu, wanaogopa asije akazalia njiani. Ukifika unakuta mlango umefungwa, mlinzi anakwenda kumgongea mkunga aliyekuwa zamu tangu asubuhi, peke yake. Mulerwa yeye yuko nyumba ya tatu. Anakuja na tochi yake, anakuita mwanangu, malipo mtaelewana wiki ijayo, hata kuku anapokea. Serikali iliwakataza kuzalisha, lakini katazo halileti pikipiki.

Halafu kuna hii habari ya bure. Ni kweli, ada kwenye vituo vya serikali zilifutwa Machi 2001, na mimi sijawahi kudaiwa hela ya kadi. Lakini muulize mjamzito yeyote anachotakiwa kubeba: glavu, kaveera (nailoni) la kulalia, pamba, wembe, sabuni, beseni, shuka, nguo za mtoto. Serikali hutoa mama kit, kifurushi chenye vile vya kuzalishia, na zikiwepo unapewa. Zikiisha unaelekezwa duka la dawa. Ninawajua wanawake waliobaki nyumbani kwa sababu hawakuwa na shuka safi wala kinguo cha mtoto cha kueleweka. Wanaona haya kulala kitanda cha pili na jirani aliyekuja na begi zima. Wanaume hawaelewi jambo hili hata uwaeleze vipi.

Na maneno. Kituo fulani nisichokitaja, nilimsikia mkunga akimwuliza binti aliyekuwa anapiga kelele: "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba uliniita?" Yule binti alijifungua salama, mtoto mzima, lakini kijiji kizima kilipata ile sentensi kabla hajafika kwake. Mwingine anafika kliniki anarudishwa nyumbani kwa kuwa amekuja bila mume, kwa ajili ya kupima virusi pamoja, na mume mwenyewe alishahama. Nimeona mwanamke akimbembeleza boda aingie naye ajifanye ndiye mume. Sisemi wakunga wote wako hivyo. Aliyenizalisha mtoto wa mwisho alinifuta jasho kwa kanga yake na alikuwa hajala tangu mchana.

Usichukulie kipimo hicho kirahisi kwa eneo letu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Uganda walitoka Kasensero, kijiji cha wavuvi hapo hapo ufukweni kwetu, mwaka 1982. Kila ukoo una makaburi yake ya miaka ile. Mama mwenye virusi akijifungulia kituoni, mtoto anaanzishiwa nevirapini, dawa ya kumkinga na virusi, mara moja na dawa za mama zinaendelea. Akijifungulia nyumbani mbele ya mama mkwe asiyejua hali yake, atamwambia nani kwamba mtoto anahitaji dawa? Simzungumzii mdogo wako, ila usishangae wapo wanaokimbia kituo kwa sababu hiyo na wapo wanaokimbilia kituo kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa mama mkwe. Mimi nisingeanza kwa kumwambia mulerwa hafai, maana pengine ndiye aliyemzalisha huyo mume wa mdogo wako. Ningemuuliza hofu yake ni nini. Huku Buganda kondo la nyuma lina heshima zake, wanalihesabu kama pacha wa mtoto na wazee hulizika shinani mwa mgomba. Hospitali hulitupa kwenye shimo la kondo. Kuna wakwe ambao kelele zote za "nyumbani ni salama" chini yake ni hilo tu, na wakunga wengi ukiwaomba mapema wanakukabidhi uende nalo. Hofu nyingine ni kisu, kwamba hospitali watampasua bila sababu. Hapo mwambie ukweli: wengi wanajifungua kawaida, na anayepasuliwa kwa haki ni yule ambaye nyumbani angeweza kufa.

Kuhusu kuzaa salama mara ya kwanza, hiyo si dhamana ya mimba ya pili. Kinachowaua zaidi akina mama ni damu baada ya mtoto kutoka, na damu haibishi hodi kliniki miezi mitatu kabla. Mama aliyepimwa akaonekana mzima anaweza kumwaga damu ya kumaliza uhai ndani ya saa moja au mbili. Kituoni mkunga anamchoma oksitosini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kizazi kinajikaza. Dawa hiyo inataka friji, haiwezi kukaa kwenye kikapu cha mulerwa, hata awe na mikono ya baraka kiasi gani. Vifo vimepungua sana: tafiti hizo za kitaifa zilihesabu 438 kwa kila vizazi hai laki moja mwaka 2011, 336 mwaka 2016, na 189 mwaka 2022. Na bado 189 ni wengi. Mwaka 2011 wanaharakati na familia za akina mama waliofia wodini waliishtaki serikali, kesi ikapigwa danadana hadi Mahakama ya Juu, ikarudishwa, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kutotoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Lakini hukumu ile haijamfikia boda wa saa tano usiku, kwa hiyo jipangeni wenyewe.

Mdogo wako ajue kituo anachokiendea ni ngazi gani. Health Centre II ni ya malaria na chanjo, asiitegemee. III ina wodi ya wazazi na inatosha kwa uzazi usio na shida. IV ndiyo inatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji, na hapo msiridhike na kibao cha mlangoni: ulizeni kama daktari na mtu wa usingizi wapo, na damu ipo. Zipo IV zenye chumba kizuri kilichojaa maboksi. Kama mimba iliyopita alivuja damu nyingi, au alikaa na uchungu usiku na mchana, aende moja kwa moja IV au hospitali.

Azungumze na boda sasa hivi, wawili ikiwezekana, namba ziandikwe ukutani maana simu hupotea. Hela ya safari iwekwe kwa mtu asiyekopeka kirahisi, kwetu wanawake wengi wanaiacha kwenye kibiina chao, yaani kikundi cha kuweka akiba. Kama kuna shangazi anayekaa karibu na kituo, ahamie kwake wiki za mwisho, hilo pekee linamaliza tatizo la usiku. Mumbwa, yale madonge ya udongo na mitishamba ya wajawazito, wasimkatazie kwa ukali, ila dawa yoyote ya "kuharakisha" asinywe, na chochote alichokunywa amwambie mkunga. Na huyo mulerwa aende naye kama msindikizaji. Wengi siku hizi wanakubali, heshima yao haipotei, na mama mkwe anapoa.

Nijibu mambo mawili nikuelekeze zaidi: amefikisha miezi mingapi, na nyumba yao iko upande wa barabara ya lami au upande wa ziwa? Kama ni upande wa ziwa, hiyo safari ya kwa shangazi isingoje mwezi wa tisa.