Laptopu yaicheza, deki yaikataa: kwa wanaoanza kuchoma DVD za harusi

Juzi msomaji wa Malindi kaniandikia: "Dada, nimechoma DVD ya harusi ya mamangu mdogo. Kwenye laptopu yacheza vizuri, nyumbani deki yasema diski mbovu. Nimebadilisha diski, ni yale yale." Swali hili huniandama kila msimu wa harusi, na jibu lake ndilo linaloniweka mjini hapa Amu (Lamu), kwa hivyo leo nitalijibu kwa urefu.

Najua wako watakaosema diski ni mambo ya kale. Hao hawajawahi kupiga video upande wa wanawake. Mule ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, bibi harusi amepambwa, matari yanalia. Mwanamume na kamera yake hapiti mlango. Napita mimi. Na kazi ikimalizika, mama mwenye harusi hataki faili litembee kwenye simu za watu. Ukimtumia mmoja kwa WhatsApp asubuhi, alasiri limeshafika Mombasa na kuvuka hadi Maskati. Anataka diski, idadi aliyoagiza basi, azifungie kabatini pamoja na dhahabu zake. Naam, diski nayo yanakiliwa. Lakini anayetaka kuinakili lazima aende akaiombe, na mkamwombe nyinyi mama mwenye harusi muone.

Mwanzoni mimi nilikuwa napiga na kuhariri tu. Kuchoma kulikuwa kazi ya duka moja hapa mjini, silitaji. Kijana wa pale huchukua flashi yako, hukopi faili la video, la MP4, kwenye diski vile lilivyo, dakika chache "tayari dada", pesa kaweka mfukoni. Wateja diski zikiwagomea hawarudi kwake, wanakuja kwangu. Nilipomwendea akanijibu mbele ya watu kwamba deki za akina mama ndizo mbovu, na kwamba wanawake tupige picha, kompyuta tuwaachie wenyewe. Sijasahau. Halafu mteja mmoja wa mtaa wa Mkomani akaniwekea sharti: "Mwanangu, video hii isitoke mkononi mwako mpaka ifike mkononi mwangu." Nikanunua mashine ya kuchomea, ile ya nje inayochomekwa kwa USB, nikajifungia na kujifunza. Siku za kuharibu diski nazipita, hazina utamu. (Anzeni na DVD-RW, hufutika.)

Sasa ndugu yangu wa Malindi, fungua hiyo diski yako kwenye laptopu utazame kilichomo. Ukiona faili la MP4 peke yake, basi umetengeneza diski ya data. Deki haiitambui. DVD zilitoka Japani mwaka 1996. Mfumo wa video wa H.264 ambao simu na kamera nyingi huufungia ndani ya MP4 umekuja mwaka 2003, kwa hivyo deki haikujengwa kuusoma. Deki ya nyumbani inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB, IFO na BUP, picha ikiwa ya MPEG-2, mfumo wa video wa DVD. Kwa PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, ni nukta 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. Laptopu haina ubishi, hucheza chochote. Ndiyo maana kuijaribu diski kwenye laptopu si kuijaribu.

Kwa hivyo video lazima igeuzwe, na si kugeuzwa jina la faili tu. Natumia programu ya DVDStyler, ni ya bure. Ukifungua kazi mpya itakuuliza ukubwa wa diski, PAL au NTSC (mfumo wa Marekani), na umbo la picha, 4:3 la TV za zamani au 16:9 lililo pana. Hapo msikimbilie kubonyeza. Ukikosea umbo, bibi harusi uliyemlipisha mamake pesa nzuri atatokea uso mrefu kama papai. Video ya simu mara nyingi huenda fremu 30, tena zisizo sawasawa, na hapo sauti huachana na mdomo. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, uichagulie fremu zisizobadilika, kisha ndiyo uipeleke DVDStyler.

Usistaajabu faili la giga moja likafura likawa giga tatu au nne. MPEG-2 yala nafasi. Diski ya kawaida huandikwa giga 4.7, kompyuta itakwambia 4.37, ni ile ile. Saa moja ya video hukaa humo kwa raha, unaweza kuipa hadi megabiti 8 kwa sekunde. Saa mbili, kama 5, bado yapendeza. Ukishindilia saa nne, nakshi za hina zinageuka madoa, na hina ndiyo waliyoitazamia. Gawa kwa diski mbili. Na ulipishe mbili! Wanaoanza huona haya kutaja bei, kisha wanalalamika kazi hailipi.

Programu ikiuliza, sichomi moja kwa moja. Naiambia itoe faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, kisha nalichoma kwa programu ya ImgBurn, mwendo wa 4x au 8x, na kisanduku cha kuhakiki (Verify) nakiacha kimewashwa. Kuna mtu atakwambia 16x ni sawa. Huyo diski zake ziulizie baada ya mwaka. Stima ikikatika katikati ya kuchoma, DVD-R hiyo imekwisha, kwa hivyo betri ya laptopu iwe imejaa.

Kisha upime kwenye deki, na deki yenyewe iwe ya mteja. Nasema tena, ya mteja. Yule wa Mkomani nilimpelekea diski nikakaa. Remoti imevikwa nailoni na kufungwa mpira, herufi zimefutika zote isipokuwa kitufe chekundu. Menyu niliyoipamba kwa maua ikatokea, muziki unajirudia, bibi yake bi harusi anaitazama tu. "Mbona haianzi?" Hana habari ya kusogeza mshale. Siku hizi diski za wazee sizitii menyu. Ikiingia tu, harusi imeanza. Maua yale nilikuwa nimeyahangaikia usiku kucha, na hakuna aliyeyauliza.

Stika usibandike, huyumbisha diski ikizunguka. Andika kwa kalamu ya wino laini, si biki. Isiachwe dirishani penye jua, rangi inayobeba picha huchujuka. Na jamani, mtu akikuamini kwa video ya binti yake, ukishamkabidhi diski futa kilichobaki kwenye kompyuta, isipokuwa mwenyewe akikwambia umwekee. Wako wanaojiita mafundi na ndani ya mashine zao mna harusi za mji mzima. Mtu kama huyo hata akichoma vizuri, mimi fundi simuiti.

Wa Malindi, ukirudia ikakataa tena, niandikie ni DVD-R au DVD+R, umechoma kwa mwendo gani, na deki ni ya zamani kiasi gani. Deki nyingine za kale hupokea aina moja tu.