ULIZA KOCHA: Kipa wangu kahamia kwenye kikapu

SWALI: Kocha, shikamoo. Mwanangu ana miaka 14 na tayari ananipita kichwa kizima. Alikuwa kipa wa timu ya mtaa, watu wakimsifu. Tangu Januari daluga zimelala uvunguni, kila jioni yuko kwenye kikapu. Mimi ni Yanga damu. Nilikwenda kumtazama, sikuelewa kitu: mechi imeisha 61 kwa 58, hapo nishangilie kipi? Nimrudishe langoni? – Mama Kipa, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Hapo kwenye kushangilia nakuelewa. Sisi tumelelewa na bao moja. Unakaa dakika 90 ukitafuna karanga na kumlaumu refa, halafu dakika ya 88 mpira unagonga mwamba unaingia, na mtaa haulali. Ndiyo maana timu dhaifu inaweza kujazana nyuma, ikapata kona moja, ikaondoka na pointi zote. Kikapuni ni vigumu. Timu ina sekunde 24 za kurusha. Ikichelewa, mpira wanapewa wenzao. Hakuna kulala nyasini kupoteza muda. Kwa dakika 40 mwenye uwezo ataonekana tu. Kwa hiyo usishangilie kila kikapu, utakauka koo bure. Subiri dakika tano za mwisho, tofauti ikiwa pointi 6: mitupo miwili ya pointi tatu, hiyo imefutika. Utasimama mwenyewe.

Nami nilikuwa kipa wa mchangani, Temeke, kabla ya kukutana na ringi shuleni. Kudaka nilishajua, kilichonitesa ni kukosa pa kupumzikia. Kipa anaweza kumaliza nusu saa hajagusa mpira, anapiga soga na watoto nyuma ya goli (nimefanya, na nimefungwa hivyo hivyo). Kikapuni mko watano, umetoka kurusha sasa hivi na tayari unatakiwa kukaba upande wa pili. Wiki ya kwanza nilitapika. Nafuu yake ni kwamba ukitolewa unakunywa maji na kurudi tena, alimradi hujafikisha faulo tano.

Kuhusu urefu, usimpe presha. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mwenye zaidi ya mita 2.20, alichaguliwa wa pili timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua kwa zamu wachezaji wapya. Ni Mtanzania wa kwanza kufika huko. Aliyechaguliwa wa saba siku hiyo ni Stephen Curry, wa mita 1.88. Nani amebeba mataji, kijana wako atakwambia.

Na ule ukipa haujapotea. Hakeem Olajuwon alikuwa kipa huko Lagos, kikapu akakianza akiwa kijana mkubwa tu, na mwaka 1984 akachaguliwa wa kwanza kabisa NBA. Ile miguu yake iliyokuwa ikiwazungusha mabeki wa Marekani ilifundishwa na mpira.

Basi mwache adunde, ila daluga usizigawe. Jumamosi acheze chandimu na wenzake. Fedha yako iweke kwenye raba nzuri zenye soli nene. Viwanja vyetu vingi vya kikapu ni saruji tupu, na saruji inamaliza magoti. Yangu hunikumbusha kila ninapopanda daladala.