Kabla hujaihukumu valvu ya EGR

Mzee mmoja anayesafirisha alizeti aliniletea pikapu ya dizeli kutoka Kondoa. Taa ya injini imewaka, ila gari lenyewe linakwenda vizuri tu. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa, ikaleta P0401: mtiririko wa EGR, yaani moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini, hautoshi. Kwangu mimi wa wakati ule kesi ilikuwa imekwisha. Nikamwambia mzee valvu imekufa, akatoa hela, nikafunga nyingine, nikafuta ile namba, taa ikazimika. Siku ya nne akapiga simu: "Fundi, taa yako imerudi." Yaani sasa ilikuwa yangu.

Ninyi wadogo zangu mnaoanza gereji hapa Dodoma, naomba kosa hili mlisome kwangu msije mkalilipia wenyewe.

Kwanza ujue kazi ya hii valvu. Moto ndani ya silinda ukipita kama nyuzi 1,400 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni zilizomo kwenye hewa huungana na kutoa gesi mbaya kwa mapafu ya watu. EGR huchukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha injini ikivuta hewa. Moshi ule umeshaungua, hauna cha kuchangia, kwa hiyo moto unapoa. Ni hilo tu.

Sasa hapa ndipo nilipoanguka. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haina macho ya kuiona valvu. Kwenye dizeli nyingi huiamuru ifunguke, kisha huangalia kipima hewa kilicho baada ya filta. Moshi ukiingia, hewa safi lazima ipungue. Isipopungua, boksi inaandika P0401. Namba hiyo (mafundi tunaiita kodi, na hii wala haipelekwi TRA) inalalamikia mtiririko. Haijasema valvu. Huenda valvu imekwama imefungwa, huenda njia imejaa masizi, huenda mpira wa vakyum (mvuto wa hewa unaoifungua valvu) umepasuka na valvu haipati cha kuivuta, huenda solenoidi, swichi ya umeme inayoruhusu vakyum hiyo, imeungua, au kipima hewa kimefunikwa na vumbi kinadanganya. Kwa jua letu na vumbi letu, mipira na kipima hewa ndivyo ninavyoanza navyo siku hizi.

Kuikunja mipira kwa vidole ni kazi ya dakika tano, injini ikiwa ya baridi. Usiridhike kwa kuitazama. Ule wa mzee ulikuwa mzima kabisa ukiutazama kwa juu. Nilipoukunja ukafunguka mdomo upande wa chini, pale unapopita karibu na joto. Mpira wenyewe ukinunua ni hela ya chai. Mimi nilikuwa nimeshamnunulisha valvu.

Mipira ikiwa salama, chukua pampu ndogo ya vakyum, unganisha kwenye valvu, vuta. Valvu za kawaida za vakyum zinatakiwa zishike, sindano ya geji isimame bila kurudi. Ukiachia usikie imegonga na kujifunga. Kisha washa injini. Kwenye gari la petroli valvu hukaa imefungwa gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiifungua kwa pampu wakati huo, injini lazima itetemeke au izimike kabisa. Ikiendelea kunguruma kama haijasikia kitu, valvu inafunguka lakini njia imeziba masizi. Kwenye dizeli usitegemee kutetemeka. Tazama kwenye mashine namba ya kipima hewa, inatakiwa ishuke valvu inapofunguka. Kama valvu ni ya umeme, pampu weka pembeni. Pima nyaya kwa mita, na usiisukume kwa bisibisi, gia za ndani ni za plastiki.

Valvu ikikwama wazi, dalili zinageuka: sailensi mbovu, moshi mweusi, gari zito kuondoka. Lakini kwa moshi mweusi fungua filta ya hewa kwanza. Gari lililotoka kwenye barabara za vumbi za vijijini unaweza kukuta filta yake ina udongo wa kupanda mchicha. Na mteja aliyehamia kutoka Dar akikwambia gari limechoka tangu afike, mwelewe. Tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu karibu sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa lazima ilisikie hilo.

Kuna kijana aliwahi kunisumbua asubuhi nzima akitafuta valvu hii kwenye Toyota IST. Injini yake ya 1NZ haina. Kazi hiyo hufanywa na VVT-i, mfumo unaobadili muda wa valvu za injini kufunguka, kwa kubaki na moshi kidogo ndani ya silinda.

Wapo watakaokwambia uzibe njia kwa kipande cha bati umalize, walewale wanaong'oa masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi. Mimi sizibi. Taa hairudi leo kwa sababu boksi nyingi husubiri kosa lijirudie safari mbili ndipo ziwashe, na mteja anaondoka akikusifu. Basi hata wewe ukitengeneza kihalali, usimkabidhi mtu gari papo hapo. Lipeleke mpaka Nala, nje kidogo ya mji, lizime lipoe, litembeze tena, kisha uchomeke mashine.

Kusafisha masizi hakuna siri: barakoa, dawa ya kabureta, brashi, gasketi mpya, na usiyasukumie uchafu ndani ya injini.

Yule mzee nilimrudishia hela ya ufundi. Ile ya spea ilishakwenda. Valvu yake ya zamani akaniachia, ipo rafuni hadi leo, nzima kabisa. Kila kijana mpya akija namkabidhi aipime aniambie inaumwa nini. Wengi hawakosi ugonjwa wa kuipa.